Vigelegele Nyuma ya Banda

Wambeti alipotapika nyuma ya banda la kukaushia tumbaku, mama mkwe wake, Nelius, alipiga vigelegele.

Nelius alikuwa na sababu. Miaka minne ya ndoa, hata mimba ya kuharibika hakuna. Kithaka, mwanawe, alikuwa ameshamwambia mkewe waziwazi: mavuno haya yakiisha bila habari, arudi kwao Ishiara.

Na sasa habari ndiyo hii. Wambeti ametoka kuchuma tumbaku, nguo imelowa umande, kichwa kinamzunguka, mate yanamjaa mdomoni. Siku zake hazikuwahi kufuata kalenda, basi naye akaamini.

"Kuanzia leo shambani huingii," Nelius akamwambia. "Kaa, kula, nilindie mjukuu wangu."

Kithaka, ambaye wiki nzima hakuwa akimsalimia, akaanza kumletea maembe.

Tumbaku lakini haingojei mtu. Zamani ilikuwa miche michache tu nyuma ya boma, ugoro wa wazee na maji ya kuulia kupe. Kampuni ikaja na mbegu na tabasamu, ikameza shamba la mtama, ikameza na la kunde. Afisa wake hushika majani kwa glavu zinazofika viwikoni. Nelius humcheka mbele ya watu. "Mtoto wa watu anaogopa jani, na marehemu mzee wangu alilinusa mpaka kaburini!"

Siku chache tu za kukaa nyumbani, Wambeti akaacha kutapika. Mtoto ametulia, wakasema.

Jioni moja Nelius alikuwa akiwanyunyizia mbuzi maji ya tumbaku kwa tawi. Wambeti akamvutia mbuzi mwenye mimba.

"Huyo mrudishe," mama mkwe akasema. "Hii kitu itamtoa mtoto."

Wambeti akamrudisha.

Kulipokucha Nelius akajifunga leso kiunoni, akaingia shambani kuchuma mwenyewe, akiimba wimbo wa kanisani. Umande ulikuwa mzito. Jua halijakolea, akarudi akiyumba, kifurushi cha majani mabichi kimemganda kifuani. Akashika nguzo ya banda, palepale alipotapika Wambeti, naye akatapika.

Kithaka alikuwa akimmenyea mkewe embe. Kisu kikasimama.

Nelius alitimiza miaka sabini Krismasi iliyopita.