Wa Mwisho Kutoka

"Ule pale!" alisema mbeba machela wa mbele. Jemedari, kama wote walivyozoea kumwita mama huyo, akaushika ule utepe mwekundu kana kwamba ameshika mkono wa mtu.

Ukungu ulikuwa umemeza msitu mzima. Njia yenyewe haikuwepo. Ilikufa zamani chini ya vichaka, na kikosi cha kujitolea cha Jemedari kilikuja kuifufua. Asubuhi walitangulia watatu tu, yeye, binti yake na mkwe wake, wakifunga tepe kwenye matawi kuonyesha mahali pa kukata. Kabla panga halijagusa kichaka, gogo liliviringika likamvunja binti mguu, huko ndani kabisa kusikoshika simu. Jemedari alimwacha na mumewe, akatoka mbio kutafuta msaada.

Sasa giza lilikuwa linanyemelea, na mvua ya baridi imeanza. Binti alikuwa na fulana tu mwilini. Jemedari, aliyezoea kuogopwa, aliogopa yeye.

"Huyo mkwe wako anajiweza?" aliuliza mbeba machela wa nyuma.

"Moyo anao. Kichwa ndiyo kazi."

Kwa sababu hiyo alimpa kazi nyepesi kuliko zote: kutoka wa mwisho. Kila jioni, njia ikishakatwa, wa mwisho hufungua tepe zote ili pori libaki safi. Juzi alisahau mmoja. Jemedari alimrudisha peke yake kuufuata, kisha akamsema mbele ya wenzake mpaka binti akanuna. Tangu siku hiyo mkwe alikuwa akimwamkia mara mbili asubuhi moja, asije akawa amekosea.

Walisonga utepe hadi utepe. Katikati hawakuona hata viatu vyao. Mahali fulani upande wa kushoto ardhi ilikatika ghafla. Walisikia maji tu, chini sana.

"Bila hizi tepe tungeshaingia korongoni," alisema wa mbele.

"Nilizifunga karibu karibu makusudi. Twende, baba, twende!"

Mbele yao tawi likavunjika. Wakasimama, pumzi juu.

"Mama? Ni wewe?"

Mkwe akachomoza ukunguni, kifua wazi, ameloa chapachapa.

"Nimemfunika kwa shati na koti langu, mama. Anatetemeka, meno yanagongana, lakini anaongea. Nimeona mnachelewa, nikaja kuwahimiza."

Machozi yakamtoka Jemedari, wala hakuyaficha. Alijuta kila neno alilowahi kumwambia mtu huyu.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mbali?"

"Mbali kidogo, mama. Ni mwendo wa kuhema."

"Basi geuka, tufuate tepe."

Mkwe alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu waingie porini. Utepe mmoja ulikuwa unaning'inia kati yao. Aliinua mkono, akaufungua bila hata kuutazama, akaushindilia kwenye mfuko wa suruali uliokwisha kufurika wekundu.

"Na safari hii, mama," alisema, "sijaacha hata mmoja."