Mstari wa Penseli

Kwa miezi minne, sehemu moja tu ya mwili wa Edmond ilimtii: ngozi iliyo juu ya jicho la kushoto. Nayo ilijikunja kidogo mno, hata nzi aliyetua pale hakushtuka.

Kiharusi kilimwangusha bafuni, yeye fundi wa reli ambaye sauti yake ilitikisa nyumba nzima. Daktari alisema hasikii tena. Wageni wakamjadili mbele yake kama vile ni kabati. Naye, kimoyomoyo, alipiga kelele kutwa.

Jumamosi, bintiye Chancelvie, anayesomea fizikia Lubumbashi, alimbandika juu ya jicho la kushoto, alikodhani ameona ngozi ikicheza, kipande cha karatasi kilichochorwa mstari mnene wa penseli. Akakiunganisha kwa nyaya mbili na kipimio cha umeme.

"Mama, ile mstari ya penseli njo tukaratasi twembamba sana, tumoja tunalaliana juu ya tungine," alimweleza Marthe, mke wa Edmond. "Umeme inapita mule. Ukivuta, tule tukaratasi tunaachana kiloko, kidogo tu, umeme inapita kwa shida, namba inapanda. Ngozi yake ikivuta ata kiloko, tutaona."

Ili kumwonyesha, alikunja kidole chake alichokifunga karatasi ya namna hiyo yenye kipimio chake. Namba ikapanda kutoka arobaini hadi hamsini na mbili.

Edmond aliiona. Hatimaye wangejua kwamba yupo.

"Acha nikuwe naye kwanza peke yangu," Marthe alisema.

Binti akatoka. Marthe akapiga magoti kando ya kitanda.

"Edmond, kila siku nikikuosha, minyi nasema ile nilifanya. Nilizani hausikie. Siku ile ya kuanguka, nilisikia vile ulikuwa unaniita. Ulikuwa unaniita kila siku, mara mia. Nilichoka. Nilibakia mu jikoni, nikasonga bukari mpaka mwisho. Kama ulisikia ile yote, sitaweza kukuangalia tena mu macho. Ulisikia?"

Namba ikabaki arobaini.

Marthe alishusha pumzi ndefu, akamwita binti.

"Papa, ni minyi, mutoto yako. Unasikia? Kunja!"

Arobaini. Aliuliza mara kumi, mara ishirini, mpaka sauti ikamkauka.

"Ilikataa," alisema mwishowe, machozi yakimtoka. "Papa hayuko."

Akabandua karatasi, akakunja nyaya zake, akatoka. Marthe alikuwa amesinzia kitini, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe.

Ndipo Edmond, aliyekuwa ameizuia ngozi ile kwa nguvu zake zote, akaiachia ijikunje.