Hodi Isiyosikika

Kanisani kwetu kila anayebatizwa huwekewa kipunje cha chuma ndani ya sikio. Mtu akitengwa, vipunje huifuta sauti yake, muumini yeyote asiisikie tena; na anayemsemesha aliyetengwa hutengwa naye. Binti yangu Atupele alitengwa kwa kuolewa nje ya dhehebu.

Juzi mchana alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni, midomo ikipiga hodi. Sikusikia kitu, ila mazoea yakanitangulia.

“Karibu, mwanangu.”

Akaruka kuniziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amechelewa.

Leo mezani nimemwambia mume wangu, “Baba Atupele, nisogezee chumvi.” Akaendelea kula. Nikarudia kwa sauti kubwa. Akainua macho, akaitazama midomo yangu, kisha taratibu akagusa sikio lake.