Yai la Bata

Mwaka wa 1956, mama mkwe wa Chepkosgei aliingia jikoni akamkuta akimenya yai la bata. Kila siku alimwona akiokota mayai nyuma ya nyumba na kuyapeleka kwa wazungu wa Milimani.

"Hilo ni la nani?"

"Langu, mama. Nesi amesema damu yangu ni kidogo."

"Kwetu hakuna mwanamke amekula yai. Hakuna!"

"Najua, mama. Lakini mimba mbili zimetoka. Hii haitoki."

Alilipasua kwa vidole. Kiini kilikuwa rangi ya chungwa, na mvuke ukampanda usoni. Akatia chumvi, akala, akimtazama mkwewe machoni. Akachukua la pili.

Mama mkwe akaurudisha mlango, majirani wasione, akaketi.