Hina Mkononi

"Mama, uko na mtoto amepotea? Yuko hapa kwa malori. Namba yako imeandikwa kwa mkono yake."

Gumato hakuuliza swali la pili. Aliacha madumu yake kwenye foleni ya maji, akakunja dera, akaanza kukimbia. Wanawake wa foleni walimpisha bila kushangaa. Mtaa mzima wa Chechelesi ulimjua kwa mbio hizo.

Alijua kilichotokea. Adhuhuri alikuwa amemfungia Ikra ndani kwa kufuli ili akateke maji, na Ikra amefungua dirisha tena. Binti yake alikuwa na miaka saba, haongei, haitiki akiitwa, na hofu hakupewa hata chembe. Alishatolewa katikati ya miguu ya ngamia mnadani. Alishapatikana chini ya lori, anapapasa gurudumu, na dereva yuko juu anawasha injini. Majirani walipenda kumwambia Gumato kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliichukia methali hiyo kuliko tusi.

Kumwandikia namba kwa hina ilikuwa akili ya Gumato mwenyewe. Kikaratasi chenye jina, Ikra alikitafuna, bangili akaivua na kuitupa chooni. Basi Gumato akawa anamvizia alale mchana, anamwandikia namba ya simu mkononi kwa njiti ya kiberiti, kisha anaushikilia ule mkono mpaka hina ikauke. Ikifubaa anaandika upya. Wenzake waliwapaka mabinti zao hina kwa Idi na kwa harusi. Yeye alimpaka wake ili arudishwe nyumbani, na mpaka sasa alikuwa anarudishwa.

Ndiyo maana juzi Nakal alimjia. Nakal alifua nguo za watu, nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uchochoro, na mwanawe Lokorio alikuwa wa namna ileile ya Ikra, ila mkubwa kidogo na mwenye nguvu zaidi. Mumewe alikwishaondoka zamani. Wanawake hawa wawili hawakuwa wa dini moja wala kabila moja, lakini uchovu wao ulikuwa mmoja. Siku hiyo Nakal hakulia kama alivyozoea. Alikuwa mkavu kabisa, na jambo hilo lilimwogopesha Gumato.

Gumato alimfundisha yote, akampa na mfuko wa hina iliyobaki. Nakal alitabasamu kidogo, akasema watoto wa mtaa watamwita Lokorio bibi harusi. Gumato akamjibu kwamba anayechekwa yuko hai. Nakal alikuwa anauviringisha ule mfuko wa hina kiganjani.

"Na wewe kila ukipigiwa unaenda?" akauliza. "Hata siku umechoka?"

"Naenda. Mtoto ataachwa barabarani?"

Nakal alikubali kwa kichwa. Alimwambia Gumato kwamba Mungu amempa moyo mkubwa, wake yeye ulikwisha siku nyingi. Akaaga, akaenda zake.

Sasa Gumato alivuka soko la miraa akihema. Alikuwa anaomba dua na kulilaani dirisha kwa pumzi hiyohiyo. Alimwonea Ikra uchungu, tena alimkasirikia, kisha akajichukia kwa hasira hiyo. Kila alipokimbia hivi alijiuliza ni nani atakayekimbia siku atakapokuwa kaburini. Baba yake Ikra alikuwa Merti na mifugo, na kwa simu husema tu kwamba wamwachie Mola. Ndugu zake wa Kinna walishasema wazi kwamba mtoto huyo hawamuwezi. Hapakuwa na mwingine. Kwa hiyo Gumato alijikataza kuugua, akajikataza kuzeeka, na sasa magoti yalikuwa yanamuuma.

Kwenye maegesho ya malori, upande wa njia ya Marsabit, wanaume walikuwa wamekusanyika. Mmoja alimpungia mkono. Alikuwa Gitobu, mziba pancha, ndiye aliyepiga simu. Alimpa pole, akamwambia asiwe na wasiwasi, mtoto hana hata mkwaruzo. Walimpa chai na mandazi, akala vizuri, na namba waliiona alipoinua kikombe.

"Kwanza ametulia sana," akasema. "Amekaa hapo tangu asubuhi, hasumbui mtu."

"Tangu asubuhi? Wangu nimemfungia adhuhuri."

Gumato alipenya katikati ya wale wanaume. Mtoto alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu. Alikuwa ameogeshwa, amepakwa mafuta, amevalishwa shati lake la kanisani, na kando yake palikuwa na mfuko uliojaa nguo zake zote, zimefuliwa na kukunjwa. Namba iliyoandikwa mkononi ilikuwa ya Gumato, haikukosewa hata tarakimu moja. Mtoto alikuwa Lokorio.

Gumato alimpigia Nakal. Hakupatikana. Akapiga tena, na alipokuwa bado anasikiliza, Lokorio alinyanyuka, akamshika kidole, akakikaza.

"Haya, watu waende kazi," Gitobu akasema. "Mama yake amefika."