Plasta Kwenye Dashibodi

Leo walikuwa wanakwenda kumwona mjukuu, na kwa mara ya kwanza Salha ndiye aliyeshika usukani. Kabla ya kuondoka, alibandua plasta ambayo Mahfudh, mumewe, aliibandika kuificha taa ya dashibodi inayoonya upepo wa matairi ukipungua.

“Mama Nasra, usiiguse! Utaniharibia gari.”

Matairi yote Salha alikwisha kuyajaza upepo mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa bado vyeusi. Alibonyeza kitufe chini ya usukani, akakishikilia. Taa ikapepesa, ikapepesa tena, ikazimika.

Mahfudh aliinama kuchungulia. “Nani kakufundisha?”

“Funga mkanda, Baba Nasra.”

Akaibandika ile plasta kuukuu kifuani pake, kama nishani, akatia gia.