Mwenyekiti Agoma Kumtaja Mtu

"Mtaje huyo mtu, Mwenyekiti, au uachie kiti!"

Godlisten alisema hivyo kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, huko Woolwich, ughaibuni. Mkewe, Aikaeli, aliyemsimamisha kwa kumpiga kiwiko, akaitikia kwa kichwa.

Kisa chenyewe? Miaka tisa Aikaeli ndiye aliyepika machalari, ndizi kwa nyama, kwenye sherehe ya chama chao cha Watanzania. Mwaka huu Mwenyekiti Philemon kamwondoa. Alipoulizwa sababu, akaropoka kwamba kuna mtu kamshauri faraghani. Loo, hapo ndipo alipojichongea!

Philemon akasimama, kijasho kikimtoka. "Simtaji. Rais wa Marekani akipewa ushauri wa siri, ana haki ya kuuficha. Wanaiita executive privilege. Mshauri akijua atatajwa, nani atathubutu tena kumwambia kiongozi ukweli?"

"We Philemon!" Adelina, katibu wa chama, akadakia. "Wenzako wanaficha mambo ya vita, wewe unaficha ya sufuria! Na hata rais, mahakama ikimkatalia, anatoa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Philemon naye akacheka, ila moyo ulimuuma. Uenyekiti ule aliupenda mno.

Aikaeli hakucheka. "Baba Evans, mbane!"

"Mwenyekiti," Godlisten akasema, "kama katiba yetu inakuruhusu kunyamaza, sema tu, tutaelewa. Kama hairuhusu, mtaje!"

"Katiba haisemi kitu. Nanyamaza kwa sababu niliahidi."

Basi, ikapigwa kura. Mikono kumi na minne ikataka aondoke, tisa abaki. Wa kwanza kunyoosha alikuwa Godlisten, mkewe akimkodolea macho. Philemon akamkabidhi Adelina muhuri wa chama, akachukua koti lake akatoka. Maskini ya Mungu, uongozi wa miaka sita umekwenda kwa ajili ya ndizi!

Alikuwa kwenye kituo cha basi aliposikia mtu akimkimbilia. Ni Godlisten, anahema. Godlisten akageuka kwanza kuhakikisha mkewe hamfuati, kisha akamkumbatia kwa nguvu.

"Pole sana, kaka. Lakini machalari yake nyie mnayavumilia mara moja kwa mwaka, mimi kila Jumapili."

Philemon akacheka hadi akashika nguzo ya kituo.

"Mungu akubariki," Godlisten akanong'ona. "Ungenitaja, leo ningelala wapi?"